Boksi la Gwaride la Mwisho

Ulimi hakuwa na jino bovu hata moja. Alikuwa akienda kukaa kwa daktari wa meno kwa sababu mbili: chumba cha kungojea kilikuwa na feni, na mtu anayeumwa jino hana nguvu za kubisha. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kati ya mama aliyeshika shavu na mzee aliyeshika mashavu yote mawili. Mama alikwisha nunua chupa ya dawa ya kusukutua, ambayo ilikuwa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi. Mzee alikuwa bado anafikiria, na Ulimi alimtazama kwa huruma ile ambayo fisi humtazamia mbuzi mgonjwa.

Jina la Ulimi alipewa mtaani, kwa kuwa hicho ndicho kiungo pekee mwilini mwake kilichowahi kufanya kazi.

Ndipo kelele zikatoka chumba cha ndani.

"Plastiki!" Ilikuwa sauti ya daktari. "Plastiki, Bwana Meneja! Haikatiki shingo, haichakai, ukiidondosha inakurudia nzima. Na ule mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana! Mshono wa fundi stadi hauwi vile!"

"Aagh gha ghaa," ikajibu sauti ya pili.

"Tema kwanza."

Kukasikika kutema, halafu hasira. "Plastiki ni ya ndoo! Ni ya mabeseni na viti vya kukodi! Askari ni risasi na bati. Mweke kiganjani, uzito wake peke yake unakupigia saluti. Huyo wako nikikohoa ataruka dirishani."

"Fungua mdomo."

"Sifungui mpaka umpime!"

Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri, na Ulimi hakulelewa kuupita mlango wa namna hiyo. Alichungulia. Kwenye kiti kile cha kulala alikuwa amelazwa mzee mnene, kitambaa shingoni kama mtoto anayelishwa. Kando yake, kwenye sinia la koleo na sindano, palikuwa na mizani ndogo ambayo daktari alipimia unga wa kuzibia meno. Juu ya mizani walisimama askari wawili wa kuchezea, kila mmoja na urefu wa kidole cha mwisho. Mmoja wa plastiki, mmoja wa madini. Daktari alikuwa amevaa glavu, na si kwa ajili ya meno.

"Huyu wa risasi nilimpata kwa bei ya pikipiki," Meneja alisema kwa majivuno, damu ikimtoka kwenye fizi.

Ulimi akasogeza sikio karibu zaidi.

"Na bado ni wa mkononi," daktari akasema. "Angekuwa ndani ya boksi lisilofunguliwa, je?"

"Boksi lisilofunguliwa ni mara kumi. Likifunguliwa tu, limekufa."

"Kwa hiyo ukilinunua hulifungui."

"Nilifungue nina wazimu? Unalipima, unalitikisa kidogo, unalitia kabatini. Basi."

Ulimi alirudi kwenye kiti chake polepole, kama mtu anayetoka kwenye ibada. Maisha yake yote alikuwa akihangaika kuwazuia watu wasifungue walichonunua mpaka yeye avuke barabara. Kumbe mjini humu humu kulikuwa na waungwana wenye vitambi na wajukuu, wenye vyeti ukutani, ambao hununua kitu kisichofunguliwa na kukilinda kisifunguliwe! Alimwachia yule mzee chupa ya dawa bure. Siku kama hiyo mtu hutoa sadaka.

Huyu Meneja tumfahamu vizuri, maana yeye mwenyewe angependa tusahau. Miaka kumi na minne kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kiwanda cha vitu vya watoto nyuma ya reli: wanasesere, filimbi, magari, na askari. Watu mia tatu walifanya kazi pale. Yeye alikaa ghorofani penye feni tatu, na kwa miaka yote ya ukuu wake hakuwahi kushuka ngazi kuingia karakana, kwa sababu harufu ya rangi ilimpa mafua. Ijumaa moja saa nne asubuhi king'ora kililia, walinzi wakaja na mbwa, na watu mia tatu wakapewa kila mmoja barua ya mstari mmoja na nusu. Mstari uliwashukuru. Nusu iliwaambia watoke. Mwaka uliofuata Meneja alizinunua, kwa bei ya kujipangia mwenyewe, nyumba walizokuwa wakikaa wafanyakazi wale wale, akawa mwenye nyumba wao. Na tumbo lilipojaa akaanza kukusanya askari waliochorwa na watu aliowafukuza, akiwashika kwa glavu nyeupe ili wasichafuke. Watu wenyewe aliwashika bila glavu.

Mmoja wa wachoraji wale alikuwa shangazi yake Ulimi. Kazi yake ilikuwa macho. Nukta mbili kwa kila askari, kwa brashi nyembamba kama unywele, na ili ncha isipanuke aliilamba. Miaka ishirini na miwili alilamba rangi, na hadi leo akila pilipili midomo yake haina habari. Alikaa chumba kimoja kati ya sita kwenye ua mmoja wa zile nyumba, yeye na fundi cherehani, dobi mwenye watoto wanne, ndugu wawili mafundi redio, na wengine wa aina hiyo ambao mji hauwezi kwenda bila wao na hautaki kuwaona.

Wiki ile Meneja alikuwa amebandika karatasi mlangoni: mwisho wa mwezi wote wawe wametoka, ua utavunjwa uwe maegesho ya magari. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Ulimi alimkuta shangazi anachambua mchele chini ya karatasi ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuomba au kuiba?"

"Shangazi jamani! Nimekuja kukutajirisha."

"Basi ni kuiba. Kaa."

Akamweleza yote: kiti cha daktari, mizani, bei ya pikipiki, boksi lisilofunguliwa. Shangazi alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Wewe una mkono wa kiwanda," Ulimi akamalizia, "mimi nina maneno. Tutengeneze boksi moja tu. Tena jina nimekwisha lipatia: Gwaride la Mwisho. Tuseme siku chache kabla ya kufungwa, kiwanda kilitengeneza seti moja ya majaribio, kumi na wawili wa plastiki, kumi na wawili wa madini, ili waamue waendelee na aina gani. Boksi likafungwa, kiwanda kikafungwa, uamuzi haukutoka. Wale wazee wanagombana plastiki na madini mpaka kwenye kiti cha kung'olea meno. Wakisikia kuna boksi lenye yote mawili watatoana roho!"

"Na Meneja? Si alikuwa pale? Atasema hapakuwa na seti hiyo."

"Alikuwa pale wapi? Ghorofani?"

Shangazi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kweli. Yule hajui hata rangi ya mlango wa karakana. Lakini hatasema hajui. Hajawahi kusema hajui." Akaweka ungo chini. "Nitafanya. Ila sitaki utajiri. Nautaka ua huu. Hati yake, kwa jina langu, na muhuri."

"Tukipata fedha si tutaununua, shangazi?"

"Wewe na fedha mkikutana, sisi wengine huwa hatualikwi."

"Naapa kwa kaburi la baba!"

"Baba yako yu hai. Jana nimempikia uji."

"Basi kwa kaburi lake la baadaye. Hati kwanza, mengine baadaye."

Aliapa huku moyoni akiwa amekwisha panda basi. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Wanunuzi wa aina ile hutaka kujua kitu kimetoka kwa nani, na Ulimi hakuwa na sura ya mtu aliyewahi kufanya kazi popote. Kwa hiyo shangazi angekuwa muuzaji, angeweka sahihi, na Ulimi, mpwa mwema, angembebea mkoba wa fedha asije akaibiwa. Basi la saa kumi lingemalizia.

Kiwanda kilipofungwa, kalibu za kumiminia askari zilitupwa kwenye vyuma chakavu, na shangazi alikuwa ameokota nne akazifanya vizuizi vya mlango. Sasa zikarudi kazini. Risasi ilitoka kwenye betri mbovu za gari, bati likatoka kwenye waya wa kulehemu wa wale ndugu mafundi redio. Plastiki ilitoka kwenye mabeseni yaliyopasuka ya dobi. Boksi lenyewe halikuhitaji kughushiwa. Makaratasi magumu ya kiwanda, hayajawahi kukunjwa, shangazi alikuwa ameyatandika kwenye rafu chini ya sufuria tangu mwaka ule, na miaka kumi na minne ya vumbi halisi ni kitu ambacho hata tapeli mkubwa hawezi kukipika kwa siku tatu. Ulimi kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kusifu.

Askari wakatoka. Wakapakwa koti jekundu, wakapewa mikanda, na shangazi akawatia macho, nukta mbili mbili, mkono hautetemeki. Jumatano mchana walikuwa wamekauka.

"Waweke ndani, shangazi, gundi hiyo hapo. Mimi nina haraka, nakwenda kupimwa koti."

"Koti la nini?"

"Mpwa wa mtu mwenye mali atavaa fulana?"

Akaenda. Shangazi akafunga mlango, akapanga alivyotaka, akatia gundi.

Alhamisi Ulimi, ndani ya koti jipya, alimtembelea daktari wa meno. Safari hii aliingia mpaka ndani na kufunga mlango.

"Daktari, mimi na wewe ni watu wa plastiki."

"Wewe nani?"

"Mtu wa plastiki. Na moyo wangu hauruhusu boksi la Gwaride la Mwisho liende kwa mtu wa madini." Akamsimulia. Daktari alianza kusikiliza amesimama, akamaliza ameketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Sasa Jumamosi," Ulimi akanong'ona, "mama mwenye boksi atalileta mbele ya chama chenu cha wapenda askari. Lakini yale ni maigizo. Mezani utamwona Meneja analibeba. Wewe nyamaza, piga makofi. Jioni nitakuletea la kweli. Lake litakuwa mwigo."

"Atabeba mwigo!" Daktari akacheka mpaka machozi. Mwizi hamcheki mwenzake kwa furaha kama msomi anavyomcheka rafiki. Alifungua droo, akatoa bahasha nene yenye muhuri wa kliniki yake. "Hizi zote chukua. Na usimwambie wakili wa chama, yule naye ana tamaa."

Ulimi aliitia bahasha kifuani. Kwa mwenye akili hapo ndipo pa kuishia. Lakini tapeli ni kama mlevi, glasi anayoihesabu ni ile ambayo bado haijamiminwa.

Jumamosi saa nane mchana Chama cha Wapenda Askari kilikutana sebuleni kwa Meneja. Makabati ya vioo yalijaa kuta zote nne: upande huu madini, upande ule nafasi tupu ambayo Meneja aliiita upande wa plastiki kwa dhihaka. Mezani kulikuwa na mizani ya sonara iliyokaa juu ya mto wa mahameli. Daktari alikuwepo, na wakili wa chama, mtu ambaye hata chooni huenda na muhuri wake. Wote walivaa glavu nyeupe. Ungedhani wanangojea mtoto azaliwe.

Shangazi aliingia na boksi mikononi. Hawakumpa kiti.

Meneja alimtazama. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu alikuwa amepita chini ya dirisha lake asubuhi na jioni, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa mpangaji wake. "Mama, umefanya kazi kiwandani kwangu kweli?"

"Miaka ishirini na miwili, Bwana Meneja."

"Aa, nakukumbuka! Ulikuwa jikoni."

"Kiwanda hakikuwa na jiko, Bwana Meneja."

"Ndiyo hivyo, nilisema. Karibu."

Wakili akakohoa. "Swali ni moja. Je, seti hii ilikuwepo? Bwana Meneja, wewe ndiye uliyekuwa mkuu. Unalikumbuka Gwaride la Mwisho?"

Ulimi jasho lilimtoka ndani ya koti. Meneja alilitazama boksi, akalitazama kabati, akamtazama daktari aliyekuwa anamngoja ateleze. Lilikuwa neno fupi tu lililohitajika. Sijui. Mtoto wa miaka mitatu hulisema mara ishirini kwa siku wala halimchubui mdomo. Lakini mtu aliyefukuza watu mia tatu kwa mstari mmoja na nusu hawezi kulitamka. Lingemfungulia maswali mengi mno.

"Kulikumbuka?" Meneja akavuta pumzi. "Bwana wee, wazo lilikuwa langu. Nilisimama mwenyewe pale karakana, nikawaambia: nataka kumi na wawili hivi na kumi na wawili vile. Nakumbuka kama jana. Mama, si ulinisikia?"

"Sauti yako ilijaa kila mahali," shangazi akasema.

"Andika hivyo," Meneja akamwambia wakili. Wakili akaandika, Meneja akatia sahihi kwamba anakumbuka, muhuri ukagongwa.

Halafu wakapima. Boksi liliwekwa kwenye mizani kwa mikono sita, na kila mtu akashikilia pumzi yake ili isiongeze uzito.

"Zito kuliko plastiki tupu!" Meneja akasema.

"Jepesi kuliko madini matupu!" Daktari akasema.

"Basi yamo yote mawili," wakili akahitimisha, kama aliyegundua dawa.

"Si tulifungue kidogo tu pembeni?" Ulimi akachokoza, kwa raha ya kusikia.

"Mshenzi!" wote watatu wakapiga kelele. Meneja akalikumbatia boksi kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. "Mama, sema bei yako."

Ulimi akaukanyaga mguu wa shangazi. Fedha. Akaukanyaga tena.

"Mpwa wangu ananikanyaga," shangazi akasema kwa upole, "anataka nichukue fedha. Lakini mimi mtu mzima, nitaibiwa kabla sijafika nyumbani." Hapo akamtazama Ulimi kidogo. "Nipe ule ua wa vyumba sita, Bwana Meneja, ule uliobandika karatasi. Nina mazoea nao."

"Shangazi!" Ulimi akaropoka. "Ua wa matope!"

Neno hilo ndilo lililomaliza kazi. Meneja alikuwa ameanza kusita, lakini aliposikia mpwa mwenyewe anauona ua ni matope, macho yakameremeta. Ua ulikuwa bondeni, mvua ikinyesha maji huingia bila kupiga hodi. Kuubomoa tu kungemla fedha nyingi. Na huyu mama wa jikoni anautaka, kwa boksi lenye thamani mara kumi! Alimgeukia wakili haraka, mama asije akapata akili.

"Andika. Andika sasa hivi."

Hati ililetwa kutoka chumbani, sahihi zikatiwa, muhuri ukagongwa mara nne. Daktari, akijua kwamba rafiki yake anabeba mwigo, alipiga makofi mpaka glavu moja ikamtoka. Meneja naye akacheka, akijua kwamba amempunja mama. Hakuna chumba mjini kilichokuwa na furaha kama kile.

Walipofika langoni Ulimi akalipuka.

"Umenimaliza, shangazi. Umenimaliza kabisa. Mtu anakuambia sema bei, unasema ua!"

"Si uliapa? Hati kwanza."

"Niliapa, nani alikuambia niliapa kwa kweli?"

Lakini mkono wake uligusa kifua cha koti, bahasha ikamjibu, na hasira ikapoa. Fedha za daktari zilikuwepo. Basi la saa kumi lilikuwepo. Jioni daktari atakuja kuuliza boksi lake la kweli, na atamkuta nani? Atamkuta mama mtu mzima kwenye ua, na hati yake. Pole yake. Alichukua begi lake dogo kutoka nyuma ya mlango.

Shangazi alikuwa ameona mkono, ameona kifua kilivyovimba, ameona na begi. Miaka ishirini na miwili ya kutazama vitu vidogo haipotei.

"Unasafiri?"

"Kikazi."

"Nenda salama. Ila roho inaniuma, mwanangu. Nimetoa mali kubwa kwa vyumba sita vya udongo."

"Mali gani? Mabeseni ya dobi na betri mbovu?"

"Hayo uliniona nikiyayeyusha." Shangazi akaanza kufagia mlango wake. "Uliniona nikiyapanga ndani ya boksi?"

Begi likakaa chini lenyewe.

"Unasema nini, shangazi?"

"Nasema ulikwenda kupimwa koti. Siku mbwa walipoletwa, kila mtu alitoka na alichoweza. Mwingine nyundo, mwingine kopo la rangi. Jina la Gwaride ulilibuni wewe. Nani alikuambia kitu chenyewe hakikuwepo kabla ya jina?"

"Kwa nini utoe la kweli!" Ulimi alikaribia kulia.

"Yule si ana mizani? Ningempa la uongo lingepita kwenye mizani ya sonara?"

Ulimi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Ilikuwa kweli: boksi lilipita. Watu watatu wenye vyeti walilipima wakaridhika. Na Meneja hata alikumbuka! Alikumbuka kama jana, alitia sahihi, tena pamoja na muhuri! Ulimi mwenyewe ndiye aliyeitunga hadithi yote, akiwa amekalia kiti cha shangazi anatafuna karanga, lakini sasa hadithi ilikuwa imepita mikononi mwa daktari, meneja na wakili, na ilirudi kwake imevaa suti. Nani angeitilia shaka?

"Mara kumi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akakimbia, na hakuelekea kituo cha basi.

Meneja alikuwa peke yake sebuleni, ameketi mbele ya boksi, na boksi lilikuwa limeanza kumtazama. Aliapa kulikumbuka. Lakini ukweli ni kwamba hakukumbuka hata harufu. Na je, siku moja mtu akilifungua? Aliposikia hodi aliruka.

"Mzee," Ulimi akahema, "shangazi yangu anajuta. Amelia. Nimeuza kila kitu nilichonacho." Akaweka bahasha mezani. "Nirudishie boksi, ua ubaki wake kwa ajili ya heshima. Hizi zote ni zako."

Meneja aliipima bahasha kwa mkono usio na glavu. Saa moja iliyopita alitoa matope, sasa anapewa fedha taslimu, na ule wasiwasi pia anaondolewa. Alijizuia asicheke. Alinung'unika, akakataa mara mbili kwa adabu, akakubali.

Ulimi alitoka na boksi chini ya koti, anajizuia naye. Kila mmoja nyuma ya mlango wake alimshukuru Mungu kwa kuumba wajinga.

Jua lilikuwa halijazama daktari wa meno alipofika kwa Meneja, akiwa mchangamfu, kuona sura ya mtu mwenye mwigo. Hakuona boksi. Aliona bahasha mezani, nene, yenye muhuri wa kliniki yake.

"Hii imefikaje hapa?"

"Nimeuza boksi."

"Kwa fedha zangu?"

"Zako kivipi?"

Yaliyofuata majirani waliyasikia vizuri. Daktari alimwita rafiki yake mwizi aliyeshirikiana na mwizi. Meneja alimwita daktari msaliti aliyetaka kununua kwa mlango wa nyuma. Ikafika mahali wakaanza kurushiana hoja zilizokuwa karibu, na za karibu zilikuwa makabatini. Ndipo swali lao la miaka mingi likapata jibu: askari wa madini akitupwa vizuri huvunja kioo, na akimpata mtu huvunja jino. Wakili alikigawa chama vipande viwili, akawa wakili wa pande zote. Meneja alijaribu kuudai ua, lakini wakili alimwonyesha karatasi: ulikumbuka, ukatia sahihi, ukapokea, ukauza. Wapi hasara yako?

Jumatatu fundi cherehani alibandua ile karatasi mlangoni. Akaketi na shangazi, akashindwa kujizuia.

"Dada, niambie mimi. Mlikuwa na nini ndani ya lile boksi?"

"Vibanio vya nguo vya dobi. Na nati za baiskeli, nimezifunga kwenye gazeti zisigongane."

"Na wale askari uliowachora siku tatu?"

Shangazi alionyesha kwa kidevu. Kwenye matope ya ua watoto wa dobi walikuwa vitani. Wa plastiki na wa madini walikuwa kikosi kimoja, adui alikuwa kuku. Kamanda mmoja alikwisha tafunwa kofia.

"Huyo wa risasi msimtie mdomoni," shangazi akapaza sauti. "Inatosha mimi!" Akampokonya mtoto yule kamanda, akampa askari wa plastiki badala yake.

"Na mpwa wako?"

"Atakuwa tajiri mahali."

Alikuwa tajiri kweli. Upande wa pili wa mji, mbali na wapita njia wenye meno mabovu, Ulimi alikuwa amepewa pa kulala kwenye stoo ya muuza viungo, kwa sharti kwamba alinde magunia dhidi ya panya. Boksi lilikaa juu ya kigoda, yeye sakafuni. Kulifungua hakuweza: likiwa na kitu, thamani itakufa, likiwa tupu, atakufa yeye. Kuliuza hakuweza, maana kila mnunuzi wa kitu kile alimjua daktari wa meno, na daktari alikuwa akimtafuta na koleo. Kila Jumamosi alilileta dukani, akaliweka kwenye mizani ya viungo kwa mikono miwili.

"Vipi leo?" akauliza muuza viungo.

"Halijapungua."

"Kaka, wewe miezi mitatu sasa. Si ulifungue ule maisha?"

"Hujui mambo haya, bwana. Likifunguliwa, bei inashuka."

"Na lisipofunguliwa?"

"Linapanda. Kila siku linapanda."

Muuza viungo alilitazama boksi, akamtazama na mtu, soli zimebanduka, koti limeng'atwa na panya mfukoni.

"Basi siku likishuka unigaie boksi lenyewe," akasema. "Langu la pilipili limeoza chini."